Kijiji cha Mlimani Tulichokwenda Kukiposa Irving

Haya jamani, sogeeni huku. Wewe mwenye paja la kuku, kaa nalo, mimi nipe masikio tu. Na nyinyi vijana mnaotazama simu, ziwekeni chini kidogo, hazitakufa njaa. Nataka kuwaeleza habari za kijiji kimoja cha Uturuki kilicho juu ya mlima. Sijawahi kukikanyaga. Sijakiona hata kwa mbali. Lakini nakijua kuliko ninavyoijua Arlington hii ninayopotea kila nikitoka kwenda kwa daktari wa meno.

Skuli mimi sikusoma, mnajua. Nilifika mpaka mlangoni, nikamwona mwalimu ameshika bakora, nikamwachia skuli yake. Lakini kwa kijiji kile mimi ni profesa, na chuo changu kilikuwa gari ya mikate.

Ilikuwa 2017. Nilipata kazi ya udereva kwa Mturuki mmoja mwenye tanuri la mikate Dallas, si mbali na Vickery Meadow, kule kwa ndugu zetu Warundi na Wakongo. Bosi wangu alikuwa na masharubu makubwa, mpaka yalikuwa yanaingia dukani kwanza, yeye anafuata. Kila wiki tulipeleka mikate na vitamu vya asali Houston, kwa wenye mahoteli. Nasema tulipeleka kwa sababu ilikuwa lazima twende pamoja. Mimi aliniamini na gari. Mikate hakuniamini nayo.

Barabara ya Dallas kwenda Houston mnaijua. Nchi imelala kama mkeka. Unaona ng'ombe, unaona bango la wakili, unaona ng'ombe mwengine anayelitazama bango la wakili. Mtu mwenye akili timamu analala. Bosi hakulala. Akifunga mkanda tu, kijiji kinaanza. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kilikuwa kibovu, kwa hivyo tulielewana kabisa.

Jiografia kwanza. Kijiji kiko milimani, upande wa Bahari Nyeusi. Nilipomuuliza nani aliyeipaka rangi, alininunia mpaka tukaupita mji wa Corsicana. Kiko juu, halafu juu yake kuna juu nyengine, na huko ndiko wanakohamia kiangazi na mbuzi wao, kama vile kule kwengine ni bondeni. Nyumba zimepangwa kama rafu za duka, paa la jirani ndiyo baraza yako. Mwanamke akimwaga maji ya vyombo, jirani wa chini anajua mlikula nini, na wa chini yake anajua mlisaza nini. Mpira watoto hawachezi. Shuti moja tu, mpira unakuja kuonekana mkoa wa pili umeshapata kazi na mke. Na ukungu ukipanda hakuna anayemwona mwenzake, basi wanazungumza kwa mluzi, mlima huu mpaka mlima ule. Bosi alinionyesha mluzi huo mle ndani ya gari, vioo vimefungwa. Sikio langu la kulia lilistaafu siku ile.

Sasa mtu kama huyo mpeleke Houston. Houston yote mlima mrefu kuliko wote ni tuta la barabarani. Tukimaliza kushusha mikate, bosi alikuwa akienda kwenye jengo moja la kuegeshea magari, anapanda kwa ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa. Anasimama pale mikono nyuma, anavuta pumzi kubwa ya moshi wa magari, anasema, "Aaah. Kidogo kama kwetu." Mimi nasubiri kando yake, na askari wa jengo anatuzunguka akitafuta gari gani tunataka kuiba.

Mwaka ule ule Houston ikafurika, mnakumbuka. Tuliporudi huko mara ya kwanza, maji bado yamekaa kwenye vichochoro. Bosi akayatazama kwa dharau. "Kwetu maji yana adabu," akaniambia. "Yanakuja, yanabomoa, yanakwenda zake. Haya yenu yanakaa tu, kama mgeni asiyekuwa na kwao."

Haya yetu! Mimi mtoto wa pwani ya Kenya ndiye mwenye maji ya Houston.

Historia sasa. Alivyosema yeye, babu zake walipewa mlima ule na sultani walinde njia inayopita katikati, wasafiri wasiibiwe. Na kwa kazi hiyo kubwa sultani akawasamehe kodi milele. Alikuwa akifika kwenye "milele" anagonga dashibodi. Siku moja aliisimulia dukani mbele ya mke wake, mama mmoja mpole, mikono imejaa unga siku zote. Mke akasema bila kuinua kichwa, "Hawakusamehewa. Mkusanya kodi alishindwa kupanda." Bosi hakuzungumza mpaka mikate ikaiva.

Tena kuna jengo moja la mawe huko, la kale sana, lenye madirisha membamba, ambalo siku hizi wanawekea nyasi za ng'ombe. Nikamuuliza, "Alilijenga nani?"

"Watu wa zamani."

"Walikwenda wapi?"

"Hebu angalia tairi, naona kama halina upepo."

Wiki nyengine nikauliza tena, tairi likapungua upepo tena. Na sisi kwetu pwani yako majengo ya kale ambayo ukiuliza sana wazee wanakumbuka wana shughuli, basi nikamwachia. Ikawa tukifika kwenye lile jengo, mimi mwenyewe natangulia kusema tairi.

Uchumi ndiyo usiseme. Wana mbuzi, wana nyuki, wana jozi, zile kokwa ngumu za kuvunja kwa jiwe, wana maharage ambayo bosi aliyazungumzia kama watu wanavyozungumzia mtoto aliye daktari. Asali yake inaponya kifua, tumbo, wivu na kufilisika. Lakini nikamuuliza, "Bosi, hayo yote mnamuuzia nani huko juu?" Akafikiri kidogo. Kumbe uchumi wenyewe wa kijiji ni kuondoka. Mtoto wa kiume akiota masharubu anashuka kwenda mjini kuwa mwoka mikate, kama baba yake, kama ami zake. Kijiji kizima ni waoka mikate, na kijijini hakuna mkate. Halafu wakipata wanarudi kiangazi, wanajenga ghorofa, wanafunga mlango, wanakwenda zao. Ghorofa tupu zimejaa mlima mzima, mbuzi wanazitumia kwa kivuli.

Nikacheka sana siku hiyo. Nikacheka mpaka nikakumbuka nyumba yangu ninayoijenga Malindi, ambayo mpangaji wake mpaka leo ni popo.

Basi huyo bosi alikuwa na binti mmoja tu, anasomea uuguzi, na Jumamosi anakaa dukani kwenye mashine ya kulipia. Mzuri, mcheshi, halafu mkali. Na mimi nina mtoto wa dada yangu, nimemlea hapa, anapakia mizigo kwenye ndege pale uwanjani. Kijana ambaye tangu azaliwe mkate alikuwa anaula kwa vitisho. Ghafla akaanza kununua mikate. Kila Jumamosi. Mikate ya kulisha jeshi. Friza imejaa mikate, kabati imejaa mikate, mke wangu akaanza kuwagawia Warundi, wakashiba, wakaanza kujificha wakimwona.

Mwanzo wa 2019 kijana akanijia. "Mjomba, niko serious. Yeye pia yuko serious. Lakini amesema bila baraka za babake haolewi, na babake anataka kumleta mwanamume kutoka kijijini."

Hapo roho ikanishuka, kwa maana hilo nalijua. Bosi alishaniambia tukiwa njiani, "Binti yangu ataolewa na mtu wa kijijini kwetu."

Nikamuuliza, "Vijana wako huko?"

"Wako."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Anafanya nini?"

"Anafikiria kuondoka."

Na sasa huyo mmoja keshaomba visa, na kiangazi anakuja. Tusipowahi, kijana wangu atabaki na friza yake ya mikate. Na alikuwa amekonda mtoto wa watu! Ukimtazama kwa ubavu humuoni.

Nikamwambia tulia. Wewe umempata mshenga ambaye Uturuki nzima hawana. Mtu anataka mume wa kijijini? Mimi ninacho kijiji chote kichwani, na mbuzi wake.

Nikampigia bosi simu. "Bosi, Jumapili nitakuja kwako nyumbani na mke wangu. Kwa jambo la heri."

Kumbe hilo la heri na wao wanalo, na ukimwambia Mturuki mwenye binti kwamba unakuja kwa jambo la heri, anajua unakuja kutaka nini. "Na mke wako?" akauliza.

"Kwani niende peke yangu? Yeye ndiye mwenye hamu zaidi."

"Njooni," akasema, kama mtu anayemruhusu daktari amkate mguu.

Sasa nyinyi watu wa pwani mnajua desturi yetu. Muoaji hapelekwi kwenye posa yake. Anakaa kwao, anatafuna kucha. Wanakwenda wazee, wanazungumza kwa mafumbo, jina la kijana halitajwi mpaka wenyeji walainike. Kwa hivyo kijana nikamwambia abaki nyumbani. Nilitaka pia mzee mwengine mwenye heshima zake, nikamwomba Mrundi mmoja jirani, akakubali, akanyoa ndevu, asubuhi hoteli yake ikampigia simu ya ovataimu. Marekani hii ukitaka wazee, wako kwenye shifti.

Tukaenda wawili. Mimi kanzu, kofia, koti la harusi yangu ambalo siku hizi halifungi, na udi niliojifukiza mpaka kengele ya moshi ya jirani ikalia. Mke wangu amebeba sinia: halua, kashata, doti ya leso nzuri na manukato, vyote vimefungwa na utepe. Bosi anakaa Irving, ndege zinapita juu ya paa lake, unaweza kusoma jina la rubani.

Bosi mwenyewe ndiye aliyefungua. Akanitazama kofia. Akanitazama udi. Akatazama sinia la zawadi, akamtazama mke wangu anavyotabasamu. Masharubu yakaanguka.

Sebuleni yuko mke wake. Na kwenye kiti cha katikati amekaa mama yake bosi, bibi kizee ambaye hajamaliza mwezi tangu aletwe kutoka kijijini kule kule, amejifunga kilemba cha maua, fimbo mkononi. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Nikambusu mkono kama nilivyofunzwa kwenye gari. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kushoto na kulia kama anayekagua ngamia, akasema kitu. Binti akachungulia kutoka jikoni, akatutafsiria: "Bibi anasema umechelewa."

"Trafiki," nikamjibu.

Nikaanza kazi. "Bosi," nikasema, "sisi tumepita njiani, tukaona ua kwenye bustani yako. Ua hilo limetukosesha usingizi. Tumekuja kuliomba, tulipande kwetu, tulimwagilie maji."

"Tangu lini umeliona?" bosi akauliza, sauti kavu.

"Tangu siku nyingi. Sisi tunaliona kila Jumamosi, likikaa kwenye mashine."

Mke wa bosi akaziba mdomo na mtandio.

"Mimi nina sharti langu," bosi akasema. "Unalijua. Kijiji."

Nikacheka. Yaani nikacheka kwa furaha! Mtu amekwenda kwenye mtihani akakuta swali ni jina lake mwenyewe. "Bosi, kijiji unaniuliza mimi? Kisima kiko kushoto kwa msikiti, na msimu wa theluji mnakifunga na blanketi. Ukungu unapanda kutoka bondeni, haushuki kutoka juu. Sultani aliwasamehe kodi milele." Nikagonga meza pale kwenye "milele". "Kwenda kwenye malisho ya kiangazi mbuzi wanatangulia, wanawake wanafuata, wanaume wanabaki kutafuta kofia zao. Nyuki mnawaweka upande unaopata jua la asubuhi. Na lile jengo la mawe, mimi hata siliulizi."

Binti akawa anamtafsiria bibi, na bibi macho yanazidi kufunguka. Akampiga mwanawe fimbo ya goti, akasema maneno mengi. Mimi nikaona naam, nimeingia. Kumbe kila ninalojibu najichimbia.

"Kwa hivyo," bosi akasema polepole, "siku zote zile kwenye gari, ulipokuwa ukiniuliza kijiji changu... ulikuwa na nia hii?"

Nikaona nimsaidie. "Bosi, mtu haulizi bei ya jozi bure."

Akafumba macho. "Na mke wako amekubali?"

"Amekubali? Yeye ndiye aliyefunga zawadi!" Mke wangu akaitikia na Kiingereza chake cha sokoni: "Yes, yes! Very happy! House too quiet!"

"Na atakaa wapi binti yangu?"

"Kwetu," nikasema. "Chumba kipo, kinapakana na chetu, mlango wa katikati uko. Mke wangu miguu inamuuma, atapata wa kumsaidia."

Pakawa kimya. Ikapita ndege, na hiyo nayo nahisi ilipunguza sauti.

Wakati huo binti akatoka jikoni na sinia la kahawa. Vikombe vidogo vidogo, na kimoja kimefungwa utepe mwekundu kwenye kishikio chake. Akasimama. Akatutazama mmoja mmoja, akatazama mlango, akanitazama mimi kama anayeuliza, yuko wapi? Nami nikamkonyeza kumwambia usijali, mambo mazuri. Akasita kidogo, halafu akanipa mimi kile cha utepe. Baadaye alinieleza aliona kwamba niliyekuja kwa niaba ya mtu basi ninywe kwa niaba yake.

Sasa hili bosi hakuwahi kunisomesha. Katika masaa yote yale ya kijiji, jiografia, historia, uchumi, jinsi mbuzi anavyozaa, hakunipitishia hata mara moja kwamba kwao siku ya posa msichana anampikia muoaji kahawa ya chumvi. Akikunja uso, hafai. Akinywa yote bila kukunja, ana subira, apewe.

Nikatia mdomoni. Ndugu zanguni! Bahari Nyeusi yote iliingia kwa mara moja. Ulimi ulitaka kutoka nje ukatafute teksi. Lakini mimi nimelelewa. Kwetu ukipewa kahawa kwenye nyumba ya watu unaimaliza, hata iwe na msumari. Nikajisemea huenda kule mlimani sukari haipandi. Nikavuta ya pili, ya tatu, nikamaliza mpaka machicha, uso umetulia kama wa chifu anayepigwa picha. Halafu, kwa vile niliona wote wananitazama na nikaogopa wasije wakadhani sikuipenda, nikamnyooshea binti kikombe.

"Tamu kweli," nikasema. "Nitilie nyengine."

Bibi akasimama. Bibi ambaye aliingizwa Amerika kwa kiti cha magurudumu, akasimama mwenyewe! Akainua fimbo juu, akapiga ukelele. Mke wa bosi analia au anacheka, haijulikani. Bosi naye amesimama, masharubu yanatetema.

"Wewe unanizidi umri!" akanifokea. "Una pressure! Nimekupeleka mwenyewe hospitali! Mke wako huyu hapa anatabasamu! Nimekula nawe mkate, leo unataka kuwa mkwe wangu, nikuite mwanangu?"

"Mimi?" nikasema.

"Nani mwengine amekunywa kahawa?"

Mke wangu akaniuliza kwa Kiswahili, bado anatabasamu, "Anasemaje huyu? Mbona amekuwa mwekundu?"

Nikamweleza. Akaweka chini kashata aliyokuwa anaila. Akanitazama kuanzia kofia, akashuka kwenye kitambi, akafika kwenye soksi. Halafu akamgeukia bosi, akamwambia taratibu, "Take him." Akanirudia kwa Kiswahili: "Mimi sina neno, wakuchukue. Lakini wakuchukue na dawa zako, na huko kukoroma kwako. Nisisikie ati wamekurudisha."

"Si mimi!" nikapiga kelele. "Wallahi si mimi! Ni mtoto wa dada yangu!"

"Yuko wapi?" akauliza bosi.

"Nyumbani. Kwetu muoaji haji."

"Haji?" Bosi akanitazama kama aliyeambiwa mkate unaokwa bila moto. "Anakutuma wewe? Na ukishakunywa chumvi yake, harusi pia utamwendea?"

Binti alikuwa keshatoka zamani kwenda barabarani. Kumbe yule mpumbavu hakukaa nyumbani. Alikuwa amejificha ndani ya gari mbele ya nyumba ya jirani, amekuja moja kwa moja kutoka kwenye shifti, na ile fulana yake ya kung'aa ya uwanja wa ndege. Akaingia sebuleni anametameta, utadhani amekuja kuegesha ndege. Akambusu bibi mkono, nusura aanguke na zulia.

Binti akampikia kahawa nyengine, na safari hii sijui aliitia chumvi ya kilo ngapi, maana alikuwa amekasirika. Kijana akanywa. Machozi yakamtoka, yakafika kwenye kidevu, yakadondokea kwenye fulana. Lakini uso haukukunjwa. Akamaliza. Akasema, "Thank you."

Bosi akakaa. Hasira zilikuwa zimeshuka kidogo, lakini sharti lilikuwa palepale. Akamtazama kijana. "Wewe, kijiji chetu unakijua?"

"Kidogo, sir."

"Kisima kiko wapi?"

"Chini?"

"Kodi tulisamehewa na nani?"

Kijana akafikiri. "Serikali?"

"Mbuzi wanapelekwa wapi kiangazi?"

"Sir," akasema kijana, "mimi mbuzi nimemwona kwenye pilau tu. Lakini binti yako namjua. Nikifunzwa hayo mengine nitajifunza."

Bosi akatikisa kichwa. Nikaona mambo yanaharibika mbele ya macho yangu. Binti amesimama mlangoni na sinia tupu, amelibana kifuani, midomo imemkauka. Bosi akasema kwa upole sasa, na upole ule ulinitisha kuliko makelele: "Kijana, wewe si mbaya. Lakini nyumba ya baba yangu iko kule. Mlima ule umetulea. Nani atakuja kuufungua ule mlango nikifa? Mtu ambaye hajui hata kisima?"

Mimi, profesa mzima, nikajifanya napanga kashata kwenye sinia.

Ndipo bibi akapiga fimbo sakafuni. Akasema jambo fupi akimwelekezea kijana. Binti akatafsiri: "Bibi ana swali moja tu. Anauliza, kwenu kuna milima?"

Jamani. Mnaielewa hali? Nyumba ya watu wanaoabudu mlima, swali linatoka kwa mkubwa wao, aliyezaliwa huko, aliyekaa huko maisha yake yote. Nikamkanyaga kijana mguu. Nikamwambia kwa Kiswahili, mdomo umefungwa nusu, "Sema ipo. Sema mikubwa. Kilimanjaro ni jirani, idai!"

Kijana akanitazama, akamtazama binti, akamtazama bibi. Na huyu mtoto nilimlea mwenyewe, nikamfunza asiseme uwongo, mkosi gani ule! Akasema, "Hapana, bibi. Kwetu hakuna hata kilima. Ni tambarare mpaka baharini. Ukiangusha chungwa, unaliokota palepale."

Binti akatafsiri polepole, neno moja moja, kama anayesoma hukumu yake mwenyewe. Bosi akajipiga mapaja mawili, akaanza kuinuka kutushukuru kwa kuja. Mke wangu akaanza kukusanya sinia.

Bibi akashika magoti yake yote mawili, akaropoka kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye njia ya ndege, na binti akatafsiri huku anacheka na kulia:

"Tambarare? Mpeni upesi, na mimi nahamia kwao!"